Usianzie Katikati ya Uwanja: Kwa Mnaoanza Kutafuta Sarafu kwenye Viwanja Vilivyokufa

Mtu akishanunua ditekta, yaani mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyofukiwa, na kupata ruhusa ya kuingia kwenye uwanja wa mpira ulioachwa, mara nyingi huelekea katikati, anapita huku na huku mpaka jioni, halafu anarudi nyumbani na misumari. Misumari hiyo ina maelezo yake. Viatu vya mpira vya zamani vilikuwa vya ngozi, na njumu zake zilipigiliwa kwa vijimisumari vilivyokuwa vikichomoka. Hela hapo ni za bahati tu. Mchezaji aliziacha kwenye suruali, na suruali ilibaki bandani. Wenye hela mfukoni walikuwa watazamaji.

Kwa hiyo ndugu wa huku Uingereza wakiniuliza wanunue mashine gani, huwaambia yoyote ya bei ya kati itatosha. Kwanza wajue watu walisimama wapi.

Jibu liko kwenye ramani. Tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland inaonyesha bure ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, za Uingereza nzima, na unaweza kuweka ya zamani upande mmoja na picha ya satelaiti ya leo upande wa pili. Tafuta maandishi "Football Ground" au "Cricket Ground", na kando yake "Pavilion", yaani banda la wachezaji. Linganisha matoleo ya miaka tofauti. Uwanja uliopo kwenye toleo moja na kupotea kwenye linalofuata, na leo ni malisho ya kondoo, huo ndio wa kuufuatilia.

Mimi napenda zaidi vijiji vya wachimba makaa ya mawe, Yorkshire na Durham. Sheria ya mwaka 1920 ilianzisha mfuko wa ustawi wa wachimbaji, uliochangiwa peni moja kwa kila tani ya makaa iliyotolewa, na sehemu ya fedha hizo ikajenga viwanja vya michezo. Migodi ilipofungwa, hasa baada ya mgomo wa 1984 na 1985, viwanja vingi vilikosa mwenyewe. Huko watu walikuja uwanjani kwa mamia, kwa miguu, na chenji mfukoni.

Sasa chora njia yao. Wanaingia langoni: hapo hela hutolewa na kudondoka. Wanapita kando ya banda, panapouzwa chai. Wanasimama nyuma ya goli na kando ya mstari. Kama kuna kimteremko cha majani, wanakaa, na mtu akikaa ndipo mfuko unapomwaga. Kisha kuna kona iliyojificha nyuma ya banda au ya mti mkubwa. Wanaume wa vijiji hivi walikuwa na kamari yao ya kurusha peni juu na kubahatisha zitaangukia upande gani. Ilipigwa marufuku, kwa hiyo ilichezwa mahali ambapo polisi haoni. Mimi kona hiyo siiruki kamwe.

Peni ya zamani ina upana wa karibu milimita 31, na mlio wake ni mpana, hauna wasiwasi. Shida ni vitu vyenye mlio wa katikati: vipete vya makopo ya soda na karatasi za kung'aa za pakiti za sigara hutoa kwenye kioo cha mashine namba zilezile zinazotolewa na pete ya dhahabu au sarafu ndogo ya fedha. Hakuna ujanja hapo. Mahali pazuri chimba vyote, mahali pabaya acha. Na ukikuta tuta la watazamaji limejengwa kwa majivu ya tanuri, kama ilivyokuwa desturi, mashine itapiga kelele kila hatua. Punguza nguvu yake na upeleke sahani yake ya chini polepole sana.

Kuhusu madini ya fedha, kariri miaka miwili, 1920 na 1947. Sarafu nyeupe za hadi 1919 zina fedha asilimia 92.5, na hutoka udongoni ziking'aa. Kuanzia 1920 hadi 1946 ni nusu kwa nusu, na hizi hutoka na weusi au ukijani. Za 1947 na kuendelea hazina fedha kabisa. Usisugue yoyote kwa kidole papo hapo, maana mchanga hukwaruza. Maji tu, nyumbani.

Sarafu, hata hivyo, sizo tamu kuliko vyote. Kuna medali ndogo za fedha walizopewa washindi wazivae kwenye mnyororo wa saa. Geuza upande wa nyuma utaona vialama: simba anayetembea ni fedha halali, nanga ni Birmingham, na herufi ndiyo mwaka. Wakati mwingine jina la mchezaji limechorwa. Ukipata yenye jina, ipeleke kwa mwenye ardhi na kwa klabu kama bado ipo. Huenda mjukuu yuko mtaa wa pili.

Ruhusa iombe kwa miguu, mchana, bila mashine mkononi. Sisi wenye sura za ugenini tunatazamwa mara mbili, kwa hiyo barua fupi yenye saini ya mwenye ardhi, inayosema pia mtagawana vipi, ikae mfukoni. Viwanja vya halmashauri vina masharti yake. Kuingia na mashine bila kibali kwenye eneo la kale linalolindwa ni kosa hata usipochimba, tangu sheria ya 1979. England na Wales, ukipata sarafu mbili au zaidi za fedha au dhahabu pamoja, zenye miaka 300 na kuendelea, una siku 14 za kumwarifu "coroner", ofisa yuleyule anayechunguza vifo vya ghafla. Usishangae, ndio utaratibu wao. Scotland sheria ni nyingine na kali zaidi. Na kwa kuwa jeshi lilitumia baadhi ya viwanja wakati wa vita, ukikuta kombora usiliguse: ondoka, piga 999.

Mlioko nyumbani mnaosikia hadithi za mali za Mjerumani, jueni kwamba Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na Kenya ina yake ya 2006. Huko huchimbi bila kibali cha serikali.

Kuchimba kwenyewe: kata majani pande tatu, kunja kama kifuniko, weka udongo juu ya kitambaa, rudisha vyote, kanyaga. Wakati wa kiangazi kikavu usichimbe, kipande hicho kitakauka na mwenye ardhi atakiona kwa mbali.

Kila ulichopata, hata kifungo, tia kwenye mfuko wake na uweke nukta kwenye nakala ya ramani. Nukta zikianza kurundikana mahali ambapo ramani haionyeshi kitu, palikuwa na genge la kuuzia au lango la pili. Hamia hapo.