Kabla hujanunua vumbi la Kongo, kapime sukari

Nimeendesha lori miaka kumi na tisa, Dar mpaka Lubumbashi, kwenda na mzigo wa dukani na kurudi na shaba. Barabara ile naijua kona kwa kona, kuanzia twiga wa Mikumi mpaka mteremko wa Kitonga. Mwili wangu mwenyewe ndio sikuujua. Uliponigomea kitandani mwaka 2019, nguvu za kiume zikaniishia nikiwa na miaka 44, nilifanya kila kosa ambalo mwanaume anaweza kufanya. Naandika ili wewe usiyarudie yote.

Mara ya kwanza mama watoto alisema, "Pumzika baba, umechoka." Ilikuwa kweli, nilikuwa nimetoka safari ya wiki tatu. Mara ya pili akasema vilevile. Mara ya nne hakusema kitu, akageukia ukutani, na mimi nikalala macho nikisikiliza feni. Baada ya hapo nikaanza kuomba safari za mfululizo. Mei 2020 Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa ajili ya Korona, malori yakajazana Tunduma, madereva wenzangu walilalamika wote. Mimi moyoni nilishukuru, maana nilipata kisingizio cha kutofika nyumbani.

Mke wangu akaamini nina mwanamke Tunduma. Nami, Mungu anisamehe, nilimwacha aamini hivyo. Niliona bora nidhaniwe mzinzi kuliko nidhaniwe hanithi. Wanaume wengi mko hapo sasa hivi, mnagombana na wake zenu juu ya simu na ratiba, na kiini cha ugomvi hakitajwi.

Tiba nilizojipa ni zilezile mnazozijua. Muhogo mbichi, karanga mbichi na nazi kwenye mkokoteni. Supu ya pweza usiku. Alkasusu. Mkuyati uliolowekwa kwenye chupa ya maji. Sina ugomvi na pweza, ni chakula kizuri na bado nakula, lakini haendi kuzibua mshipa ulioharibika. Halafu nikiwa kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, nikanunua lile vumbi la Kongo, unga maarufu wa nguvu za kiume, chupa ndogo ya plastiki, muuzaji akaniapia ni mzizi mtupu wa msituni.

Lilifanya kazi. Mara mbili. Ila uso uliwaka moto, pua ikaziba, kichwa kikagonga, moyo ukaenda mbio mpaka nikaogopa kufia kitandani. Baadaye nilipopewa dawa ya hospitali nikasoma karatasi yake: uso kuwaka, pua kuziba, kichwa kuuma. Siwezi kuapa ile chupa ilikuwa na nini. Lakini inajulikana kwamba mamlaka za dawa, ya Marekani ikiwemo, zimepima mara nyingi hizi zinazoitwa dawa za asili za nguvu za kiume na kukuta zimechanganywa na sildenafili, dawa ileile ya hospitali, bila kuandikwa popote. Kwa hiyo unaweza kuwa unameza kidonge cha kizungu kwa bei ya mzizi, na hujui ni miligramu ngapi.

Mabango ya kwenye nguzo za umeme sitayasema sana. Mtu anayerudisha mke aliyeondoka, anashinda kesi, anakamata wezi na anatibu nguvu za kiume kwa namba moja ya simu, mwamue wenyewe.

Aliyeniokoa ni utingo wangu. Tulikuwa hatujafika hata Makambako, nikasimamisha gari tena. Akaniuliza, "Mzee, leo umechimba dawa mara ngapi?" Nikahesabu: mara saba tangu asubuhi. Na maji nilikuwa nakunywa chupa kwa chupa, nikidhani ni joto la kebini. Akaniambia babu yake alikuwa hivyo, na sisimizi walikuwa wakijaa pale anapokojoa. Nilikasirika. Kesho yake, kwa siri, nikaenda zahanati moja njiani nikatoboa kidole. Sukari kabla ya kula: 14.8. Mtu mzima hatakiwi kufika 7.0 akiwa hajala. Presha ilikuwa 160 kwa 100.

Niliporudi Dar nikapelekwa kwa daktari. Binti mdogo, sawa na mwanangu wa kwanza. "Shikamoo baba," kisha akaanza kuuliza: miguu inakufa ganzi? Macho yanaona vizuri? Unavuta sigara? Halafu kwa sauti ileile, bila kuinua kichwa, "Na nyumbani baba, tendo la ndoa linakwendaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikakohoa, nikatazama chati ya ukutani. Mwisho nikasema, "Haliendi." Akaandika. Hakucheka, hakushangaa. Akauliza limeanza ghafla au polepole, na kama asubuhi nikiamka uume huwa umesimama. Swali hilo la asubuhi shikeni sana. Kama asubuhi unasimama vizuri na usiku kwa mkeo unagoma, basi mashine ni nzima na tatizo mara nyingi liko kichwani: hofu, msongo, ugomvi wa ndani, madeni. Kama hata asubuhi hakuna kitu, na hali imekuja taratibu kwa miezi, kuna uwezekano mkubwa ni mwili. Mimi asubuhi zangu zilikuwa zimekufa zamani.

Akanieleza inavyofanya kazi, nami nitaieleza kama dereva. Uume hauna mfupa. Una mirija miwili ya nyama kama sifongo, na kinachousimamisha ni damu. Ubongo ukipata hamu unatuma taarifa kupitia mishipa ya fahamu, kuta za mishipa ya damu zinatoa hewa inayoitwa nitriki oksaidi, misuli midogo ya mle ndani inalegea, damu inaingia kwa wingi, na ile mishipa ya kutolea damu inabanwa isirudi. Ni kama mfumo wa upepo wa breki za lori: bomba likitoboka au valvu ikikwama, unaweza kukanyaga pedeli mpaka kesho.

Ona hapo: misuli ya ndani inatakiwa ilegee ndipo usimame. Wale wanaokuuzia dawa ya "misuli iliyolegea kwa sababu ya punyeto" wameigeuza habari nzima kichwa chini. Punyeto ya ujanani haikati mishipa yoyote. Vijana wangapi wamekamuliwa pesa kwa hofu hiyo tu, na hofu yenyewe ndiyo inayowaangusha kitandani? Ukishashindwa usiku mmoja, usiku unaofuata unajisikiliza kama dereva anayesikiliza injini inayogonga, na anayejisikiliza hawezi kusimama. Kwa kijana wa miaka 25 mwenye afya, anayesimama asubuhi, tiba mara nyingi ni mazungumzo, kupunguza pombe, kuacha tramadoli za mtaani na kupumzisha video za ngono.

Kwangu mimi sukari ilikuwa imeharibu vyote viwili, waya na bomba: mishipa ya fahamu na kuta za mishipa ya damu. Presha na sigara vikaongezea. Kisha daktari akasema jambo lililonifanya nikae vizuri kwenye kiti. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba, milimita moja hadi mbili. Ya moyo ni milimita tatu hadi nne. Uchafu unaoziba huanza kuonekana kwenye bomba dogo. Kwa wanaume wengi waliopata matatizo ya moyo ya mishipa kuziba, nguvu zilikuwa zimepungua miaka miwili hadi mitano kabla. Mimi nilikuwa nimekaa miaka miwili na taa nyekundu imewaka kwenye dashibodi, nikiifunika kwa kitambaa.

Kwa hiyo ukienda hospitali, omba vipimo hivi hata kama hawakutaja: sukari, na ikiwezekana kile cha wastani wa miezi mitatu, presha, mafuta kwenye damu, na homoni ya testosteroni, ambayo hupimwa asubuhi. Taja pia dawa zote unazotumia. Zipo za presha na za msongo wa mawazo zinazoweza kupunguza nguvu. Dereva mwenzangu aligundua hilo akaacha za presha kimyakimya, akapata kiharusi akiwa nyumbani kwake. Bora hakuwa barabarani. Dawa hubadilishwa na daktari, zipo nyingine za presha zisizoleta shida hiyo. Mimi nilipewa losatani pamoja na metformini ya sukari.

Na kidonge nilipewa pia, sildenafili ya miligramu 50. Wengi wenu mmekisubiri hapa. Kilianza kutafitiwa Uingereza kama dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, kikaonekana kinafanya kazi nyingine, na Marekani ikakiruhusu Machi 1998. Kazi yake ni kuzuia kemikali ya mwilini inayofanya misuli iliyolegea ikaze tena, ili damu iendelee kuingia. Hakileti hamu. Ukikimeza ukakaa unaangalia mpira, utamaliza mpira.

Mara yangu ya kwanza nilikiharibu mwenyewe. Nilikula nyama choma yenye mafuta, nikashiba, nikameza, nikasubiri nusu saa. Kimya. Nikadhani ndiyo mwisho wangu. Daktari akacheka kidogo, mara yake ya kwanza: chakula cha mafuta mengi huchelewesha dawa hiyo. Meza tumbo likiwa jepesi, saa moja kabla, na usikate tamaa kwa jaribio moja. Kuna ndugu yake, tadalafili, inayokaa mwilini hata saa 36, nayo haisumbuliwi sana na chakula.

Sasa sehemu ambayo ukiisoma haraka unaweza kufa. Mwenye kutumia dawa za moyo za kundi la nitreti, zile za kuweka chini ya ulimi au aisosobaidi, asiguse vidonge hivi kabisa. Presha hushuka ghafla mpaka mtu akapoteza maisha. Ukipatwa na maumivu ya kifua baada ya kumeza, mwambie daktari ulichomeza, hata kama mama mkwe amesimama hapo. Mwenye kutumia dawa za tezi dume atoe taarifa. Anayetumia ARV za daraja la pili zenye ritonaviri atoe taarifa pia, kwa sababu zinaifanya sildenafili ipande mno kwenye damu. Mwenye selimundu awe mwangalifu. Na uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, hiyo si sifa ya kusimulia kijiweni, ni dharura, nenda usiku huohuo.

Vidonge vikishindwa bado kuna pampu ya kuvuta damu, sindano za kuchoma pale penyewe, na upasuaji wa kupandikiza. Sijazifikia, nisijifanye mjuzi.

Kumwambia mke kulikuwa kugumu kuliko sindano yoyote. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha kwa mwenye nao. Nilimpa karatasi ya majibu asome mwenyewe. Akasoma, akanyamaza, akasema, "Miaka miwili nimemlaani mwanamke wa Tunduma ambaye hayupo?" Akacheka huku machozi yanatoka. Kisha akanipiga kofi la begani, lenye nguvu kweli, na nilistahili. Toka siku hiyo soda haiingii ndani, ugali umekuwa wa dona na mlima wake umeshuka. Tulikubaliana pia jambo moja ambalo hakuna duka linaloliuza: usiku mwingine tunalala tu tumekumbatiana bila mtu kudaiwa kitu. Hofu ilipungua kwa hilo kuliko kwa kidonge.

Sigara niliacha kwa taabu, nikarudia mara mbili. Kutembea ndiyo nilikupenda. Tafiti zinaonyesha dakika 40 za mazoezi ya kutoa jasho, mara nne kwa wiki, kwa miezi sita, husaidia wenye tatizo la mishipa. Dereva hana uwanja, lakini foleni ya Kasumbalesa ni ndefu vya kutosha. Naitembea mpaka mwisho na kurudi. Nimepunguza kilo kumi na moja. Sukari sasa inacheza kati ya sita na saba, na kidonge nakitumia mara chache. Ujana haujarudi. Siku nyingine bado inagoma, basi mama watoto anaamka kuchemsha chai ya tangawizi, isiyo na sukari.

Yule utingo siku hizi ni dereva, ana gari lake la kampuni nyingine. Mwezi uliopita alinipigia kutoka Tunduma, saa nne usiku, akazunguka sana kwenye habari za mizigo na mafuta kabla ya kuuliza, "Mzee, lile vumbi ulilokuwa nalo zamani, uliuziwa na nani?"

Nikamuuliza, "Leo umechimba dawa mara ngapi?"

Akacheka. Halafu nikamsikia anaanza kuhesabu.