Ubao Ndio Sehemu Rahisi: Kwa Anayeanza Kazi ya Kuziba Madirisha na Milango Iliyovunjika

Wanaoanza kazi hii huwa na haraka ya kufika kwenye ubao. Simu imelia, dirisha limevunjwa au dhoruba imeng'oa mlango, mwenye nyumba hana raha, na fundi mpya anaona dawa ni kukata plaiwudi, kuifunga kwa skrubu na kwenda zake. Kukata plaiwudi utajifunza upesi. Kinachochelewa kuingia kichwani ni kujua unazuia nini. Mvua, mwizi na kioo kinachoning'inia kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja huweza kuwa sumu ya kingine.

Kwa hiyo ukifika usianze kushusha vifaa. Izunguke nyumba kwanza, kisha uliza. Kumetokea nini? Nani atalala humu usiku huu? Kama ni wizi, polisi wameshafika na kumaliza kazi yao? Kioo hushika alama za vidole vizuri, na fundi mwenye bidii anaweza kuufagia ushahidi wote kwa nia njema kabisa. Kama ni moto, zimamoto wameruhusu watu waingie?

Na kama ni mlipuko, tetemeko, au gari limeparamia ukuta, usianze na dirisha. Angalia kilicho juu yake. Linta, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha, ikiwa na ufa, au ukiona nyufa zinazopanda ngazi kwa ngazi kwenye matofali, toa futi yako upime fremu kona kwa kona, pande zote mbili. Fremu ya mstatili ikiwa sawa, vipimo hivyo viwili hulingana. Visipolingana, ukuta huenda umesogea, na huenda fremu hiyo iliyopinda ndiyo inayobeba matofali kwa sasa. Hapo huing'oi, hata mwenye nyumba akuombe vipi. Watu watoke, eneo lizungushiwe uzio, aitwe mhandisi.

Picha zipigwe kabla ya kugusa chochote: nje, ndani, kitasa, vipande sakafuni, maji yalikofika. Wenye bima wengi huogopa kwamba wakiziba watapoteza madai yao. Kwa kawaida mambo ni kinyume chake: mikataba mingi humtaka mwenye mali achukue hatua za busara ili hasara isiendelee. Kinachomletea taabu ni kukosa picha na risiti. Kitasa kilichovunjwa kitie kwenye mfuko umkabidhi mwenyewe. Usikitupe na takataka.

Sasa kioo, maana hapa ndipo mafundi wapya huumia. Kumbuka hesabu moja: kila milimita moja ya unene ni kilo 2.5 kwa mita moja ya mraba. Kioo cha mm 6 chenye ukubwa wa mita moja ya mraba kina kilo 15. Kipande cha robo tu kikidondoka kutoka juu ya dirisha refu, ni karibu kilo nne zenye makali.

Jifunze kuvitambua vioo kwa jinsi vinavyovunjika. Kile cha kawaida hutoa vipande virefu kama mapanga, na vingine hubaki vimekwama juu ya fremu vikisubiri mlango upigwe kwa nguvu. Kioo kilichokazwa kwa joto humomonyoka chote kwa mara moja na kuwa punje ndogo. Mara nyingi kina mhuri kwenye kona, na kikishavunjika unakuta fremu karibu tupu. Kioo cha tabaka, chenye utando wa plastiki katikati, hupasuka lakini hubaki mahali pake. Hiki usikimbilie kukitoa. Kama bado kimeshikwa vizuri na fremu, kinazuia mvua na kinamchelewesha mwizi, na wewe unaweza kuweka ubao mbele yake ukakiacha hapo hadi kioo kipya kipatikane. Kwenye dirisha lenye vioo viwili, angalia ni kipi kimevunjika. Mara nyingi cha ndani ni kizima, na kazi yako imepungua nusu.

Kioo cha kawaida kilichopasuka kibandike utepe mpana pande zote kabla ya kukitoa, ili vipande vishikane vinaposhuka. Utepe kazi yake ni hiyo tu. Wapo wanaobandika alama ya X kwenye madirisha dhoruba ikikaribia, wakiamini kioo hakitavunjika. Kitavunjika vilevile, na huenda vipande vikawa vikubwa zaidi.

Anza kutoa juu, ushuke. Ukianza chini, mikono yako itakuwa chini ya kile kilichobaki juu. Usipige nyundo, legeza kwa patasi pati inayoshikilia kioo kwenye fremu, kisha vuta kipande kwa kukitikisa polepole. Glavu ziwe zile za kuzuia kukatwa. Za kitambaa zinakupa ujasiri bila kinga. Vaa miwani ya kinga, viatu vya soli nene, na mikono mirefu inayofunika kifundo cha mkono, maana mishipa iko karibu na ngozi pale. Asiyekuwa na kazi chumbani atoke, hasa watoto na wanyama wa nyumbani.

Ukishafagia, laza tochi sakafuni mwanga wake upite chini kabisa. Chembe ambazo hukuziona zitameremeta. Ziokote kwa karatasi iliyoloweshwa. Kisha kung'uta mapazia, kagua kitanda, kagua mifereji ambamo dirisha la kuteleza hupita. Vipande vyote vitie kwenye boksi gumu, andika juu yake KIOO. Anayebeba taka naye ana mikono.

Kama tatizo ni mvua tu, nailoni nene inatosha kwa muda. Tafuta ya mikroni 150, yaani mm 0.15, au zaidi. Usiipigilie moja kwa moja, kwa sababu upepo utaichana kuanzia kwenye tundu la kila msumari. Viringisha ukingo wake kwenye fito ya mbao, kisha ifunge fito. Lakini mwambie mwenye nyumba waziwazi kwamba nailoni haimzuii mtu. Kisu kidogo kinaimaliza.

Ubao unahitajika pale mtu anapoweza kufika. Mimi hutumia plaiwudi ya mm 12 kwa dirisha dogo au la ghorofani, na ya mm 18 kwa mlango na kila kilicho chini. Karatasi ya kawaida ni mm 1220 kwa 2440, na ile ya mm 18 ni nzito: usiipandishe ngazi peke yako, na upepo ukiwa mkali usiipandishe kabisa. Ukiifunga juu ya ukuta, ipite uwazi kwa sentimita 10 kila upande. Ukiitumbukiza ndani ya uwazi, pima upana sehemu tatu na urefu sehemu tatu, chukua kipimo kidogo kuliko vyote, kisha punguza mm 5. Madirisha ya mraba kamili ni machache kuliko unavyodhani.

Tumia skrubu, si misumari. Msumari hung'oka kwa mtaimbo mara moja, na kupiga nyundo kunatikisa lipu na kioo kilichobaki. Kwenye ukuta wa matofali toboa kwa drili, tia plagi za plastiki, acha kama sentimita 30 kati ya skrubu na skrubu. Tundu lisikaribie ukingo wa tofali. Nafasi ya sentimita 5 ni salama zaidi, la sivyo tofali humeguka. Kutoboa kwenye saruji iliyo kati ya matofali ni rahisi kuziba baadaye, lakini tofali lenyewe hushika zaidi. Kwenye madirisha na milango ya chini nachagua tofali. Kabla ya kutoboa, angalia swichi, soketi na nyaya za kengele zinapopita.

Njia ninayoipenda kuliko zote haitoboi ukuta wala fremu. Ubao unakaa nje. Ndani unalaza mbao mbili za inchi mbili kwa nne zinazopita uwazi na kuegemea ukuta pande zote. Bolti ndefu zenye kichwa cha mviringo zinapita kwenye ubao, zinapita kwenye mbao, zinakazwa kwa washa na nati upande wa ndani. Aliye nje anaona kichwa laini kisichoshikika kwa bisibisi wala spana. Kwenye nyumba ya kupanga, au fremu za alumini na plastiki, njia hii inaokoa ugomvi: fremu hizo zina mashimo ndani ya kupitishia maji, na skrubu iliyopitishwa ovyo huziharibu hata kioo kipya kikishawekwa. Sharti lake ni kwamba kioo kiwe kimetoka au dirisha liweze kufunguliwa.

Upepo husukuma ukuta mmoja na kuvuta mwingine. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Ndiyo maana ubao ulioshikwa kwa skrubu nne za kona unaonekana imara asubuhi na unakutwa barabarani baada ya dhoruba. Ukimaliza kufunga, paka silikoni juu na pembeni, chini acha wazi ili maji yaliyoingia yapate pa kutokea. Kingo za plaiwudi zipake rangi. Ndizo zinazonywa maji.

Milango ina tabia yake. Mlango uliopigwa teke mara nyingi haufi kwenye kitasa. Unaopasuka ni mwimo, pale palipo na bamba la chuma linalopokea ulimi wa kitasa, kwa sababu bamba hilo lilifungwa kwa skrubu fupi za mm 20 hivi ambazo zimeshika ubao mwembamba tu. Kwa hiyo kabla hujauza wazo la kitasa kipya, tazama mwimo. Ukiwa umepasuka bila kupotea vipande, utie gundi ya mbao, ubane, funga bamba refu zaidi kwa skrubu za mm 75 zinazofika kwenye nguzo ya ukuta. Ukuta ukiwa wa matofali, tumia plagi. Fanya hivyo hivyo kwenye bawaba, angalau skrubu moja ndefu kwa kila bawaba. Kazi hii fupi huufanya mlango kuwa imara kuliko ulivyokuwa jana, na mara nyingi hutahitaji ubao wowote. Ikibidi kuweka komeo la kufuli, lifunge kwa bolti zinazopita mlango mzima, si kwa skrubu zinazoonekana nje.

Kuna jambo moja ambalo sibishani na mteja. Nyumba yenye watu haizibwi milango na madirisha yote. Lazima kubaki mlango unaofunguka kutoka ndani bila kutafuta ufunguo gizani, na chumba cha kulala kibaki na njia ya pili ya kutokea. Mteja aliyeibiwa jana atakuomba uzibe kila kitu. Anamuogopa mwizi, na moto haumo akilini mwake usiku huo, kwa hiyo ni wewe wa kuukumbuka. Dirisha pekee la chumba likiwa limezibwa kutoka nje, mtu asilale humo. Na mwambie asiwashe jenereta wala jiko la mkaa ndani: nyumba iliyozibwa haina pa kutolea hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu.

Nyumba isiyo na mtu ni kinyume chake. Hapo ziba zaidi, lakini toboa matundu madogo ya hewa juu na chini ya ubao, la sivyo unyevu utaanza kula kuta na dari. Ubao wa siku mbili huishia kukaa miezi, bima ikisuasua au kioo kikichelewa. Fanya kazi ukijua hivyo. Mwandikie mteja mahali ulipotumia skrubu, aina ya bisibisi inayozifungua, na umwambie azikague baada ya kila upepo mkali, kwa sababu mbao zikikauka skrubu hulegea.

Siku ya kutoa, anza na skrubu za chini na za pembeni, acha mbili za juu. Mtu wa pili aushike ubao ndipo uzitoe hizo. Zing'oe plagi, jaza matundu kwa saruji siku hiyo hiyo, kabla mvua haijaingia ndani ya ukuta. Ubao mzima usiutupe: andika nyuma yake ni wa dirisha lipi na upande upi ndio juu, mpe mwenye nyumba auweke stoo.