Shahada ya D.O.: Je, Binti Yangu Atakuwa Daktari?

SWALI: Mhariri, binti yangu amepata nafasi ya kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha A.T. Still, chuo binafsi cha taaluma za afya nchini Marekani. Barua inaeleza kwamba atatunukiwa shahada ya D.O. (Doctor of Osteopathic Medicine), si M.D. (Doctor of Medicine) tuliyoizoea. Jirani ananiambia huo ni ukandaji wa viungo tu. Je, ni kweli?
Mzazi mwenye wasiwasi

JIBU: Ndugu mzazi, kwa Marekani jirani yako amekosea. Mwenye D.O. akishapata leseni huandika dawa, hupasua na hubobea katika fani aitakayo, katika majimbo yote 50; na tangu 2020 mafunzo ya ubingwa ya wenye D.O. na wenye M.D. yako chini ya mfumo mmoja wa ithibati.

Tofauti ya majina ina historia. Andrew Taylor Still, tabibu aliyefiwa na watoto wake kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1864, alikosa imani na dawa za zama zake (nyingine zilitengenezwa kwa zebaki, kwa hiyo simlaumu), na mwaka 1892 akafungua shule mjini Kirksville, Missouri, iliyokuwa chimbuko la chuo hicho. Hati ya serikali ilimruhusu kutoa M.D., lakini akachagua D.O. ili kutenga njia yake, aliyoiita osteopathia. Dai lake kwamba maradhi karibu yote hutokana na hitilafu za mifupa na misuli halikusimama mbele ya sayansi; vyuo vya aina hiyo vikaingiza famasia, upasuaji na maabara, huku vikibakiza somo la kutibu kwa mikono, ambalo leo huchukua takriban saa 200 tu katika miaka minne. Pengine hilo ndilo alilolisikia jirani.

Tatizo liko nje ya Marekani. Uingereza, kwa mfano, ina wataalamu wa osteopathia, yaani watibabu wa kutumia mikono, wanaosimamiwa kwa sheria ya 1993, nao si madaktari wala hawaandiki dawa. Hivyo karani asiyejua tofauti hiyo anaweza kumweka binti yako katika kundi lisilo lake. Kabla ya kulipa ada, liandikieni baraza la madaktari la nchi anakokusudia kufanya kazi, mkiitaja shahada kwa jina lake kamili pamoja na jina la chuo, na mdai jibu la maandishi.