Dereva wa kadi ya mtandao: amepakiwa au imepakiwa?

SWALI: Nafundisha TEHAMA shule ya sekondari. Kompyuta za maabara yetu zinatumia mfumo endeshi wa FreeBSD, na ninawaandikia wanafunzi mwongozo wa Kiswahili wa kuweka dereva (programu inayoendesha kifaa) wa kadi ya mtandao ya Realtek. Mwenzangu ameikataa sentensi hii (re0 ni jina la kadi hiyo katika FreeBSD): "Dereva akishapakiwa, re0 itakuja juu, ukitaka kumtoa, mpakue." Anasema dereva ni mtu, kwa hiyo niandike "kiendeshi". Je, yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, mwenzako kaigundua sentensi yenye kasoro, ila sababu aliyoitoa si yenyewe. Neno la kiumbe halikatazwi kuhamia kwenye kitu. Ndege anaruka mtini, na ndege inatua uwanjani. Kifaru amejeruhiwa mbugani, na vifaru vya jeshi vimevuka mpaka. Neno ni lilelile, na kinachomwambia msikilizaji kwamba tumetoka kwenye uhai tukaingia kwenye chuma ni upatanisho wa kisarufi. Ukiandika "dereva akishapakiwa", mwanafunzi anamwona mtu wa daladala akitupwa juu ya lori. Ukiandika "dereva ikishapakiwa", picha hiyo inatoweka. Fundi anayesema "dereva ya printa haipo" ameifuata njia ya ndege bila kufundishwa, na wingi wake ni "dereva hizi", si "madereva hawa". Kwa mazungumzo ya maabara sina ugomvi hata kidogo na dereva wa namna hiyo.

Kwa mwongozo ulioandikwa, hata hivyo, nami ningechagua "kiendeshi". Limeundwa kwa kitenzi tunachokijua, endesha, sawa na kichapishi kilivyotoka kwenye chapisha, na upatanisho wake haumsumbui mtu: kiendeshi hiki kimepakiwa, viendeshi vile havifai. (Kiambishi ki- peke yake si kinga, maana kiongozi na kinyozi wana ki- na bado tunasema "amefika". Maana ndiyo inayoamua.) Tena ni ndugu wa "mfumo endeshi", na undugu huo una faida darasani: mfumo endeshi unaendesha kompyuta nzima, kiendeshi kinaendesha kifaa kimoja tu kwa niaba yake. Sharti langu ni moja. Wapo wanaoiita diski kiendeshi pia. Katika mwongozo wako diski iitwe diski, kiendeshi kibaki na kazi hii moja.

Sasa tuje kwenye vitenzi, ambako ndiko mwanafunzi atakakopotea kweli.

Kiini cha kawaida cha FreeBSD (kernel, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi) tayari kina kiendeshi cha kadi hizo, kinaitwa re. Kuna kingine kilichoandikwa na Realtek yenyewe, nacho huja kama kifurushi kiitwacho realtek-re-kmod, kwa ajili ya kadi ambazo kile cha kwanza hakizihudumii vizuri. Anayekitaka hiki cha pili ana kazi tatu mbele yake. Kwanza anaandika pkg install realtek-re-kmod, na faili linakaa kwenye diski. Kisha katika /boot/loader.conf anaandika if_re_load="YES" pamoja na if_re_name="/boot/modules/if_re.ko", ili kompyuta inapowaka, programu ya kuwashia mfumo (loader) ichukue kiendeshi kutoka kwenye diski na kukiingiza kwenye kumbukumbu pamoja na kiini. Mwisho, katika /etc/rc.conf anaandika ifconfig_re0="DHCP", na kadi inajua itapataje anwani yake.

Ukiziita zote tatu "kuweka dereva", mwanafunzi aliyemaliza ya kwanza ataamini amemaliza. Atawasha kompyuta upya, ataona hali ni ileile, na ataanza kuvunja vitu ambavyo havikuwa na kosa. Kiswahili kina maneno ya kutosha kuzitenganisha. Ya kwanza ni kusakinisha: neno zuri lililojengwa juu ya sakini, yaani kukaa mahali, lenye uhusiano na maskani, na ndicho hasa kinachotokea, kwamba faili limepewa makao. (Wanaoandika "sanikisha" wamegeuza konsonanti, na mzizi umepotea njiani.) Ya pili ni kupakia. Ya tatu ni kusanidi, na ningekuomba usilitumie neno hilo kwa kingine chochote katika mwongozo huu.

Kupakia kwenyewe kuna mtego, na sentensi yako imeuingia. Pakia na pakua ni jozi ya mtindo wa funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua: kitenzi cha pili kinatengua kazi ya cha kwanza. Kwa mantiki hiyo ulikuwa na haki ya kuandika kwamba kilichopakiwa kwenye kiini kinaweza kupakuliwa. Lakini watumiaji wa intaneti wameshaichukua jozi hiyo na kuipa maana yao: kupakia ni kupeleka faili mtandaoni, kupakua ni kulishusha kutoka huko. Mwanafunzi akisoma "pakua kiendeshi" atakwenda kukitafuta kwenye tovuti, wakati wewe ulitaka akitoe kwenye kumbukumbu kwa amri ya kldunload. Hapo hakuna anayemwelewa mwenzake, na wote wawili wanasema Kiswahili safi.

Sipendekezi tubuni neno jipya. Pendekezo langu ni kila mara kutaja mahali. "Pakia kiendeshi kwenye kiini" haiwezi kueleweka vibaya. Kwa kinyume chake acha pakua kabisa, uandike "ondoa kiendeshi kwenye kiini". Na anayeshusha faili kutoka kwenye tovuti, mwachie yeye pakua, maana ndivyo watu wengi wanavyoisikia leo.

Katika eneo hili, Kiswahili kina utajiri mwingine ambao miongozo mingi ya kompyuta inauacha ukipotea, nao ni njeo, yaani nyakati za vitenzi. Ukiandika kldload kwa mkono, kiendeshi kinaingia sasa hivi, na kompyuta ikizimwa kinasahaulika. Ukiandika kwenye loader.conf, kinaingia kila mara kompyuta inapowaka. Tofauti hiyo tunaibeba kwa silabi moja: "kiendeshi kimepakiwa" ni hali ya sasa, nawe unaweza kuithibitisha kwa amri ya kldstat, "kiendeshi hupakiwa kompyuta iwakapo" ni desturi. Ukiandika "kinapakiwa" kwa vyote viwili, umemnyima mwanafunzi jibu la swali atakalokuuliza kesho yake, kwa nini jana ilifanya kazi na leo haifanyi.

Imebaki "itakuja juu". Hapa mwenzako angepaswa kupiga kelele kuliko kwenye dereva. Kwetu anayekuja juu amekasirika. Baba mwenye nyumba huja juu kodi ikichelewa, na re0 haina hasira na mtu. Wewe ulimaanisha mambo mawili tofauti bila kuyatenganisha. Kadi inaweza kuwa imewashwa, amri ya ifconfig ikaonyesha neno UP kabisa, na chini yake hali ikasomeka "no carrier" kwa sababu waya haujachomekwa. Kwa la kwanza tuna washa: re0 imewashwa. Kwa la pili mitaani tayari pana usemi ambao kila mwenye simu anaujua, kushika mtandao: kadi imewashwa lakini haijashika mtandao. Sioni sababu ya kuubadilisha usemi huo kwa kitu cha vitabuni.

Utaona maneno ya ngazi hii ya kompyuta yanayumba kuliko ya ngazi ya juu, na chanzo chake kinajulikana. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulikia programu za ofisini, ambako mtu anaandika barua bila kulazimika kujua kwamba kiini kipo. Wanaoandika Kiswahili cha kiini na viendeshi ni wachache, na wengi wao ni walimu kama wewe, wanaoandika kwa ajili ya darasa moja. Ndiyo maana nimelijibu swali hili kwa urefu.

Sentensi yako, basi, ningeiandika hivi:

"Kiendeshi kikishapakiwa kwenye kiini, washa re0, kisha angalia kama imeshika mtandao. Ukitaka kukiondoa kwenye kiini, futa mistari yake katika loader.conf, kisha washa kompyuta upya."

Nimeandika "imeshika" na si "kimeshika" kwa kuwa re0 ni jina la kadi, nayo kadi iko ngeli ya I-ZI. Jina lenyewe limetoka kwa kiendeshi, maana FreeBSD huziita kadi kwa majina ya viendeshi vyake: re0 ni ya Realtek, em0 ni ya Intel. Ukiendesha pciconf -lv na kifaa kikajitokeza kwa jina la none0, ina maana hakijapata kiendeshi. Majina hayo, pamoja na amri na mistari ya faili, yaache kama yalivyo, herufi kwa herufi, hata nukta. Kompyuta haisomi Kiswahili chako. Anayekisoma ni mwanafunzi.