Barua kwa mwanangu: kozi za semesta ya kwanza

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo hapa nyumbani, na bibi yako mguu wake unaendelea vizuri. Anakusalimu sana, anauliza kama huko umeshapata sweta.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, uchukue krediti 18 semesta hii ili umalize mapema, au ushuke hadi 12 kwanza uzoee Marekani? La pili, kwa kuwa ulisoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) na jaribio la hesabu wamekupitisha, uruke Kalkulasi ya Kwanza uanze na ya Pili? Orodha uliyonituma nimeipitia yote. Jibu langu: chukua 15, anza na Kalkulasi ya Pili, kemia iache hadi Januari. Sababu zangu zisome mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe, maana anayekwenda kukaa darasani ni wewe.

Kwanza, hiyo orodha isome kuanzia chini. Wewe unataka umeme mkubwa. Tangu uone picha za mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, kila mmoja megawati 235, hujataka kusikia kingine. Kozi za mifumo ya umeme ziko mwaka wa tatu na wa nne. Huwezi kuzigusa bila kupita kozi ya Saketi mwaka wa pili. Saketi inadai uwe umemaliza Fizikia ya Pili, ile ya umeme na sumaku, na milinganyo tofautishi uwe unaisoma sambamba. Fizikia ya Pili nayo inadai Fizikia ya Kwanza na Kalkulasi ya Pili. Sasa angalia pembeni ya Saketi walipoandika kwamba inafundishwa semesta ya vuli peke yake, yaani semesta kama hii unayoanza. Ukichelewa hesabu kwa semesta moja, Saketi utaisubiri mwaka mzima, na kila kilicho juu yake kinasogea. Ufadhili wako ni wa semesta nane. Mikopo ya serikali yao mwanafunzi wa kigeni mwenye viza kama yako hapewi, na sisi ada ya mwaka wa tano hatuna pa kuitoa. Ndiyo maana nasema hesabu na fizikia ziwekwe kwanza, halafu zilizobaki zijipange kuzizunguka.

Kemia haifungui mlango wowote kwenye njia yako ya umeme. Usiidharau lakini: ABET, wale wanaoidhinisha programu za uhandisi huko, wanadai angalau krediti 30 za hesabu na sayansi za msingi, kwa hiyo utaisoma tu. Ila ukiisoma Januari hakuna kitakachochelewa.

Kuhusu kuruka Kalkulasi ya Kwanza, hapo ndipo nimefikiri sana. Diferensiesheni na intigresheni ulizisoma miaka miwili kwenye Advanced Maths, na ulizisoma vizuri. Kukaa semesta nzima ukirudia unachokijua kuna hatari yake: mtu huzoea kutojisomea, na semesta inayofuata inamkuta amelala. Lakini Kalkulasi ya Pili, baada ya mbinu za intigresheni ambazo utazifurahia, inaingia kwenye mifululizo isiyo na mwisho na vipimo vya kujua upi unafika kikomo na upi haufiki. Hilo hukulisoma kwa kina Kidato cha Sita, na huko wengi huangukia hapo hapo, kwa sababu majuma ya mwanzo yaliwapa raha wakadhani kozi yote ni hivyo. Mifululizo ikianza, uwe tayari umeshaizoea ofisi ya mwalimu.

Fanya hivi wiki hii. Omba mtihani wa mwisho wa Kalkulasi ya Kwanza wa miaka ya nyuma, ufanye kwa muda wake bila kitabu. Ukiupita vizuri, endelea na ya Pili. Ukiona umekwamakwama, badilisha urudi ya Kwanza kabla dirisha la kubadili kozi halijafungwa, kisha Kalkulasi ya Pili uisome Januari na Fizikia ya Pili uitafute kiangazi ili Saketi isikupite. Nimesema badilisha, usiangushe, yaani usijiondoe kwenye kozi bila kuweka nyingine. Kalkulasi ni krediti 4. Ukiiangusha kutoka 15 unabaki na 11, na viza yako ya F-1 inakutaka usipungue 12. Kuna ruhusa ya kushuka chini ya hapo, lakini inatolewa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na lazima uipate kabla ya kuangusha kozi. Ukiangusha kwanza ndipo ukaombe, umeshavunja masharti.

Hiyo hiyo ndiyo sababu siipendi 12. Inaonekana ya kupumzikia, kumbe inakufunga: kozi moja ikienda vibaya huna pa kurudi nyuma. Kwenye 15, ukilazimika kuacha ya krediti 3 bado uko salama. Na usijaze hesabu hiyo kwa kozi za mtandaoni. Kwa viza yako inahesabiwa moja tu kwa semesta, isiyozidi krediti 3.

Na 18? Piga hesabu. Kipimo chao ni kwamba krediti moja ni saa moja ya darasani na saa mbili za kujisomea, kila wiki. Krediti 18 ni saa 54. Ongeza saa 10 za ile kazi ya maktaba, unafika 64, na hapo hujapika, hujafua, hujaenda ibadani, na ripoti ya maabara haijakuchukua Jumapili yako. Krediti 15 ni saa 45, na kazi yako 55. Hata hizo ni nyingi, ila zinabebeka. Sheria inakuruhusu hadi saa 20 za kazi chuoni wakati wa masomo. Mwanangu, semesta hii zibaki 10. Ukipungukiwa hela ya matumizi niambie mimi, usiongeze zamu kimyakimya.

Umelalamika kwamba Fizikia ya Kwanza ni mambo ya Kidato cha Tano. Mengi ni yale yale, kweli. Iache ikupe nafuu, maana nguvu zako zitahitajika kwenye programu za kompyuta. Huko utakaa na vijana walioanza kuandika kodi tangu sekondari, na wewe unaanza ziro. Usitishike, na usinakili kazi zao hata mara moja. Kozi ya uandishi nayo ibaki. Ndilo darasa dogo kuliko yote kwenye orodha yako, mwalimu atalijua jina lako, na ripoti za hitilafu ninazosoma kazini kila wiki zinanionyesha wahandisi wazuri wasioweza kueleza walichokiona.

Na zile namba changamano ulizonung'unikia pale sebuleni, zipitie tena polepole. Mwaka 1893 huko Chicago, Charles Steinmetz aliwaonyesha wahandisi namna ya kukokotoa saketi za umeme wa mkondo geu (AC) kwa namba hizo hizo, na mpaka leo kituoni kwetu hesabu za hitilafu tunazifanya kwa njia hiyo. Kwenye Saketi utazikuta ukurasa kwa ukurasa.

Ukienda kwa mshauri wako wa masomo Jumatatu, muulize mambo mawili: kama Saketi bado ni ya vuli tu, na kama Fizikia ya Pili hufundishwa kiangazi na kwa bei gani. Majibu yake nitumie siku hiyo hiyo. Mihtasari ya kozi zako zote itunze pia tangu sasa. Ukirudi, TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ndiyo inayotambua shahada za nje, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi itataka kujua ulisoma nini.

Baba yako anasema sweta zinunuliwe mbili.

Mama yako