Kapteni kaingia dakika ya 89

SWALI: Tuko marafiki wanane kwenye ligi yetu ya Fantasy Premier League, ule mchezo wa mtandaoni wa kuunda timu ya wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Nilikuwa wa pili. Wiki hii kapteni wangu, ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili, akaanzia benchi, akaingizwa dakika ya 89: pointi moja, mara mbili, basi! Kapteni msaidizi kafunga mawili, na benchi langu limelala na pointi 17 zisizohesabiwa. Sasa ni wa sita, na kundi la WhatsApp halinipi pumzi. Nibadilishe wachezaji wanne?

JIBU: Pole, ndugu yangu. Dakika moja hiyo ndiyo iliyokumaliza. Asingekanyaga uwanja kabisa, utepe wa ukapteni, pamoja na pointi mara mbili, ungehamia kwa msaidizi wako. Mimi nimewahi kumwona wangu akivua koti la mazoezi dakika za mwisho, nikaiambia televisheni, "Kaa chini wewe!" Hakusikia.

Wanne, hapana. Kama una badiliko moja la bure, matatu ya ziada yanakula pointi 12 kabla mpira haujapigwa. Hizo ni sawa na magoli matatu ya mshambuliaji. Toa majeruhi, kama yupo, uishie hapo. Na usifanye leo kwa hasira. Dirisha la kubadilisha wachezaji hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Subiri makocha wazungumze na waandishi kwanza.

Kapteni umwache? Kama alipumzishwa tu, mbakishe. Ila utepe mpe mwingine wiki hii.

Na huyo anayekutumia picha ya msimamo kila saa, muulize benchi lake lina pointi ngapi.