Maswali ya Wasomaji: Maji ya Korongoni

SWALI: Sisi watatu tunataka kutembea siku nne kwenye korongo la Paria, Marekani, kutoka mwanzo wa njia uitwao White House hadi mwisho wake, Lees Ferry. Mto unapita humohumo. Kuna haja ya kubeba maji?

JIBU: Ipo, hasa siku ya kwanza. Njia nzima ni kama kilomita 61, na chemchemi ya kwanza ya kutegemewa, Big Spring, iko karibu kilomita 19 toka mwanzo. Kadirieni lita 4 kwa mtu kwa siku, na zaidi joto likizidi. Hizo ni kilo 4 mgongoni kabla ya hema na chakula. Yagawanyeni kwenye chupa mbili tatu, maana mfuko mmoja ukitoboka mmebaki mikono mitupu.

Maji ya mto wenyewe ni tope jepesi, na upande wa juu kuna mashamba na mifugo. Ukiyapitisha moja kwa moja kwenye chujio, linaziba baada ya lita chache. Chota jioni kwa ndoo ya kukunja, yaache yatuame usiku kucha, asubuhi uyamimine ya juu polepole bila kuitikisa ndoo. Yakigoma kutuama, koroga shabu ya unga, robo kijiko cha chai kwa lita 4, na tope litashuka. Kisha ndipo uchuje au uchemshe, kwani shabu haiui vijidudu. Kemikali za mashambani haziondoki kwa kuchemsha wala kwa chujio la kawaida, ndiyo maana tunasema mkifika chemchemi jazeni kila chombo. Ya mwisho iko karibu kilomita 40 toka mwanzo. Baada yake mna kama kilomita 20 za kwenda na mlichobeba.

Vibali vya kulala humo ni vya watu 20 tu kwa siku, kwa hiyo ombeni mapema. Moto hauruhusiwi, na kinyesi hubebwa kwenye mifuko maalumu mpaka nje.

SWALI: Utabiri ukionyesha jua tupu tunakokwenda, mafuriko ya ghafla yatatoka wapi?

JIBU: Yatatoka msikokuona. Tarehe 12 Agosti 1997 watu 11 walikufa Antelope Canyon, Arizona, kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali na hapo. Mwamba mtupu haunywi maji; yote hukimbilia kwenye mkondo. Basi angalieni utabiri wa eneo lote linalomwaga maji kwenye korongo lenu. Kwa Paria, eneo hilo linafika hadi upande wa hifadhi ya Bryce Canyon, Utah. Miezi ya Julai hadi Septemba ndiyo yenye radi za mchana, na binafsi nisingemshauri mtu aingie Buckskin Gulch, korongo jembamba linaloungana na Paria, wakati huo: ni kilomita zaidi ya 20 za uchochoro ambao sehemu za kutokea ni chache mno.

Mkiwa ndani, tazameni ukutani. Gogo lililokwama juu ya vichwa vyenu linaonyesha maji yaliwahi kufika wapi. Pigeni kambi kwenye kingo za juu zenye miti mikubwa. Maji yakibadilika rangi ghafla, vijiti vikianza kuelea au mvumo ukisikika, pandeni palepale. Msijaribu kukimbia kufuata mkondo, hamtayashinda.

SWALI: Grand Canyon, kushuka mtoni na kurudi siku moja inawezekana?

JIBU: Usipange hivyo. Njia ya Bright Angel ni kama kilomita 15 za kushuka, na hifadhi yenyewe inaonya wageni wasijaribu. Kupanda huchukua takriban mara mbili ya muda wa kushuka, kwa hiyo theluthi moja ya muda wako ikiisha, geuza, popote ulipo. Kiangazi usiwe njiani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kula vya chumvi pia: maji mengi bila chumvi huleta kichefuchefu na kuchanganyikiwa, na mwenzako akidhani ni kiu atakunywesha mengine.